Kyungu Iko Wapi?

Kazi tatu, yaani Jumatano, saa tisa ya mchana. Baridi ya mwezi wa saba, na upepo unaleta moshi wa kiwanda mpaka ndani ya sahani. Mama amefunga madirisha yote. Mimi nimekaa chumbani na kalamu.

Leo nimekosa. Naandika hivyo kwanza, nisije nikajidanganya.

Kesho saa mbili asubuhi nina mahojiano kwenye biro kubwa, ofisi kuu ya kampani ya shaba, kazi ya daktilo, kupiga barua kwa mashine. Tangu Papa afariki, nyumba hii ya kambi ya kampani si yetu tena. Tumeambiwa tutoke kabla ya mvua, isipokuwa mtoto mmoja wa marehemu awe ameandikwa kazi. Mtoto aliyebaki hapa ni mimi. Nikiikosa kazi, Mama atakwenda kulima kwa dada yake kule Lukafu, na magoti yake yale.

Wiki mbili nzima Papa Mukalay, jirani yetu, amenifundisha. Alikuwa karani kwenye biro ileile mpaka alipopata pansheni, na maswali yao anayajua yote. Anakuja amevaa koti lake la abacost lililochujuka, beji ya Chama kifuani, ananiita citoyenne, yaani mwananchi, kwa sauti nzito mpaka tunashindwa kujizuia kucheka.

Ananiuliza, kisha ananipa na jibu: Kasoro yako ni nini? Usiseme huna, wataona unajisifu. Usiseme uvivu, jamani! Sema unasoma kila barua mara mbili kabla ya kuipeleka, kwa hiyo unachelewa kidogo.

Ukiona mkubwa wako anaiba, utafanya nini? Hapo nilijibu mbio kwamba nitamsema. Papa Mukalay alijipiga paja. "Weye mutoto! Kama huyu mukubwa njo anakuuliza? Sema utaangalia tena makaratasi, juu labda ni weye njo ulikosa."

Maswali magumu nilikuwa nayo yote kichwani. Lile rahisi ndilo limenimaliza.

Asubuhi nilipeleka fomu. Karani wa mapokezi, baba mmoja wa makamo mwenye uso wa upole, alisoma jina langu akacheka. "Kabange! Na Kyungu iko wapi?"

Kwetu Waluba, mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, basi. Hakuna mtu anayekutana na Kabange bila kumwulizia Kyungu. Sokoni, kanisani, kwa fundi wa cherehani, nimeulizwa hivyo tangu sijaota meno. Jibu langu siku zote ni moja, linatoka lenyewe.

"Anakusalimia."

Karani alitazama mstari wa ndugu kwenye fomu, akaacha kucheka. Aliandika kitu pembeni ya jina langu, polepole, halafu akasema kesho wakubwa wataniuliza vizuri juu ya huyo ndugu. Hakuinua macho tena.

Kyungu alivuka mpaka upande wa Angola, huu ni mwaka wa pili, pamoja na wale ambao redio inawaita maadui wa nchi. Hakuna salamu. Hakuna barua. Hatujui kama anakula. Kuna familia hapa kambini zilizokuwa na mtoto kule. Gari lilikuja likawachukua baba na wajomba, na mpaka leo hakuna anayetaja majina yao. Kwenye fomu niliacha wazi mstari wa ndugu, nikadhani nimekuwa mjanja. Mjanja gani! Jina lenyewe liko juu ya karatasi kwa herufi kubwa.

Zamani nilikuwa Josefina. Serikali ilipokataza majina ya wazungu nilifurahi, nikaandika Kabange kwenye kila daftari langu la shule. Josefina angepita pale mapokezi bila swali.

Nilipomweleza Papa Mukalay, hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema kwa sauti ndogo: "Utasema alikufa angali mutoto. Batakuuliza, basi juu ya nini ulisema anakusalimia? Utajibu: mapasa, hata mumoja akufe, mwenzake anaitika juu ya bote mbili. Baulize Muluba yeyote." Ni kweli, desturi ndivyo ilivyo. Halafu akaondoka kwa mlango wa nyuma, yeye ambaye kila siku anapita mbele na kusalimia nyumba zote za mstari.

Sikutaka. Ukisema pacha amekufa naye yuko hai, umekituma kifo kikamtafute, na kikimpata yeye hakitaniacha mimi. Hayo nayaamini, misa au hakuna misa. Nilimwogopa na Mama. Mpaka leo Mama akininunulia mimi kitu, ni lazima anunue na cha Kyungu. Juzi alininunulia kitenge cha kuvaa kesho, akaleta na shati la mwanaume, akalikunja akaliweka kabatini. Nilijua akisikia nataka kumwua mtoto wake mbele ya wakubwa wa kampani, atanifukuza mwenyewe.

Kumbe alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alikuja akajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa mbele yangu mgongo umenyooka.

"Citoyenne Kabange. Kyungu iko wapi?"

Sauti haikuwa yake. Nilisema alikufa. Nikalia.

"Rudilia."

Nilirudilia, bado nalia. Akaniuliza tena. Akaniuliza alikufa na ugonjwa gani, tukachagua surua. Akaniuliza alizikwa wapi, tukachagua kijiji cha babu. Maji ya bukari, ugali wetu wa mchana, yalikauka kwenye sufuria na hakuna aliyeinuka. Alipouliza mara ya sita au ya saba, nilijibu sawasawa kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilimtazama Mama nikingoja anisifu.

"Sasa unasema muzuri," alisema. "Lakini usiangalie mulango."

Sikujua kwamba nilikuwa naangalia mlango, kama anayengoja mtu aingie.

Kesho nitaangalia meza.