Majani ya Mzee Likwenda

Temeke, Jumanne

Na maneno makali nilikuwa nimeshayapanga tangu alfajiri. Kila asubuhi jirani yetu Mzee Likwenda, mchonga vinyago, akishafagia uwanja wake huchoma majani ya mkorosho, na moshi wote unaingia chumbani kwetu. Gari la taka halijaonekana mtaani tangu masika yaanze. Na kifua cha mwanangu Salma bado hakijapona.

Basi nikaenda, mtoto mgongoni. Nilipomwona mzee ameinama na ufagio wake kando ya moto alioanza kuuwasha, ukali ukaniishia.

"Shikamoo baba. Hayo majani naomba usiyachome. Nipe mie nikayaozeshe kwenye lile shimo balozi wa nyumba kumi alilosema tuchimbe, nipate mbolea ya mchicha."

Akacheka. "Wenzako wanaomba chumvi, wewe unaomba takataka?"

"Ndiyo, baba. Na moshi unamkohoza mjukuu wako."

Akachukua ndoo, akauzima moto, halafu akanigombeza mimi. "Siku zote hizi tunaishi ukuta kwa ukuta, hukusema?"

Jioni kaja mwenyewe na karai la majani, kayamwaga shimoni na kuyafukia kwa udongo, kuku wasije wakayachakura.

Nimechoka. Hofu haijaisha, kesho nampeleka Salma zahanati. Lakini sasa namsikia anapumua tu, hakohoi. Ahsante Mungu. Na mzee pia.

Nepi zake kesho nitazianika asubuhi, saa ile ile ya moshi.