Nafasi ya Mtu Mmoja

Mwanangu Vero,

Aliyekupa barua hii ni dereva, na najua gari lake linanguruma nje wakati unasoma. Tafadhali kaa chini kwanza. Gari lina kibali cha kuvusha raia wa Tanzania peke yao. Lina nafasi yako wewe, halina nafasi ya mama mkwe wako. Nimeipata kwa kuwapigia simu watu ambao niliapa sitawaomba kitu. Huku Tumati ukungu haujaondoka tangu asubuhi, kifua kinanibana, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki. Kwa hiyo nasema yote.

Naanza na simu yetu ya mwisho, maana inaninyima usingizi. Uliniamkia kama siku zote, "Shikamoo baba," nami badala ya kukujulia hali nikaanza kuamrisha: toka huko leo. Ukasema mama hawezi kutembea, na mumeo hajarudi tangu barabara ifungwe. Akirudi atakuta nyumba tupu. Nikakujibu, "Huyo si mama yako." Ukauliza polepole, "Baba, umesema nini?" na mtandao ukakatika. Tangu hapo simu yako haipatikani.

Na aliyeyatamka maneno hayo ni mimi, ninayejua ulivyonyonyeshwa. Ulikuwa mchanga, umeyasikia tu kwa mama yako. Watu wetu na majirani zetu Wabarbaig walikuwa wameuana kwa ajili ya malisho karibu na Basotu, na mimi nilikuwa afisa kijana niliyetumwa kuwapatanisha. Tulikaa darasani, wanaume peke yetu, tukibishana nani aanze kusema. Mama yako akaingia na akina mama wengine wamebeba watoto. Walikuwa wamekubaliana na wanawake wa upande wa pili kufanya kama walivyofanya bibi zao: kila mmoja ampe mwenzake mtoto wake amnyonyeshe, ili watoto wa watu waliouana wawe ndugu. Nikamvuta pembeni.

"Mama Vero, simtoi mtoto wangu kwa watu waliotuua juzi."

"Basi mnyonyeshe wewe," akasema, na wanawake wa pande zote mbili wakacheka mpaka nikakosa pa kuangalia.

Ulipokelewa na mama mmoja wa Kibarbaig kutoka kijiji cha Hirbadaw, Mama Gidamuri. Alipoona unavyonyonya kwa pupa akanitania mbele ya wote, "Afisa, huyu mnamlisha makaratasi?" Mama yako alikuwa amempakata Gidamuri, mtoto wa mama huyo, akimnyonyesha huku macho yake hayabanduki kwako. Aliogopa kama mimi, ila alifanya. Mpaka Mama Gidamuri anafariki ulimwita mama, na sikuwahi kukusahihisha.

Miaka mingi baadaye nilipewa kazi ya kusuluhisha vita vya nchi hiyo ulikoolewa. Mumeo alikuwa mkalimani wetu. Uliponitembelea huko ndipo mlipoonana. Unajua nilivyosifiwa kwa subira. Hujui nilichokuwa nacho moyoni. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wamewahamishia watoto wao ng'ambo, kisha wanakuja mezani kuapa kwamba watapigana hadi mtu wa mwisho. Niliwadharau. Nikitoka hapo nilikwenda kambini kuwaambia wakimbizi warudi kwao, wavumilie, amani itashika.

Sasa vita vimerudi, na nakuungamia hili ambalo hata padri sijamwambia. Nasikiliza redio nikingoja jina la mji wenu tu. Wakitaja kwamba umeshambuliwa mji mwingine, napumua. Namshukuru Mungu kwamba ni watoto wa wengine.

Nataka upande gari. Sitajifanya sitaki. Jana dereva aliniuliza, "Mzee, akikataa je? Nimbebe kwa nguvu?" Jibu lililokuwa mdomoni ni kwamba akwambie nakufa, uje unizike. Nimelimeza. Umeujua ugonjwa wangu, lakini usiuweke kwenye mizani. Kuzikwa nitazikwa, kaka zako wapo. Nimemwambia akuulize mara moja tu, akungoje, na jibu lako asiligeuze.

Ukikubali, njoo, na hakuna mtu nyumbani kwangu atakayekuuliza umemwacha nani.

Ukikataa, mwambie afungue nyuma ya gari. Kuna kiti changu cha magurudumu. Mimi kitanda kinanitosha. Nimeambiwa wanaofika mpakani kwa miguu wanapokelewa bila kuulizwa pasi. Mkalishe mama yako vizuri, mfunike magoti, na mwachieni jirani ujumbe ili mumeo ajue mlikoelekea. Tokeni kukiwa kweupe, mfuatane na watu wengi. Katika njia zote hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, na ni mimi ninayekufungulia.

Breki ya kushoto imelegea. Kwenye mteremko kishike kwa mikono miwili.

Ni mimi,
Baba yako