Kitabu Chenye Doa la Mafuta ya Ufuta

Jumatatu, Lindi. Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, na nimekwenda kazini na sweta, mimi ninayejisifu kwamba baridi siijui. Jioni nimerudi nimeibeba mkononi. Furaha nayo ina joto lake.

Leo naringa. Anayetafuta unyenyekevu ajaribu blogu nyingine.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: nafundisha usanifu wa mitambo katika chuo cha ufundi, yaani jinsi ya kuamua umbo, ukubwa na chuma cha kila kipande cha mashine kabla hakijatengenezwa. Mwezi uliopita mkuu wa idara yetu, Mwalimu Mussa, aliniwekea mezani vitabu vitatu vya somo hilo. Muuza vitabu alituazima tuvipitie, tuchague kimoja cha kununua kwa darasa zima, na vinavyobaki virudi vikiwa safi. Mwalimu Mussa alishachagua moyoni. Alikipenda kile kikubwa chenye picha za rangi na jalada linalong'aa. Yeye ndiye aliyenifundisha hapo hapo chuoni, na mpaka leo ananiita "binti yangu" hata mbele ya wanafunzi wangu. Kumpinga si jambo dogo.

Lakini kitabu kikishaingia chuoni kwetu hakitoki. Wanafunzi watakitumia miaka na miaka, na wengi wao hawatakuwa na kingine.

Mama yangu akinunua nazi huitikisa kwanza sikioni. Nami nikaamua kuvitikisa vitabu. Nilivipa vyote swali moja: kwa nini shafti ya Mitole inakatika?

Mitole ndiko kwetu, wilayani Kilwa. Mama na wenzake wana mashine ya kukamua mafuta ya ufuta inayoendeshwa na injini ya dizeli. Msimu uliopita shafti yake, kile chuma kinene kinachozunguka katikati na kusukuma ufuta, ilikatika, ikachomelewa, ikakatika tena. Kila mara ni pale pale, penye ngazi, unene unapopungua ghafla ili beringi, pete ya chuma inayoishika shafti ikizunguka, ipate kukaa. Waliambiwa wamezidisha mzigo. Hawakuwa wamezidisha. Wakakubaliana kwamba ikikatika na msimu huu, mashine itauzwa kama chuma chakavu. Mama alikuwa akiniuliza kwenye simu, kwa upole unaochoma, kama hilo somo langu linahusu mashine au linahusu kitu kingine.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na vipimo vya inchi na ratili, wakati sisi vyuma tunanunua kwa milimita. Nilikifunga. Cha pili, kipenzi cha Mwalimu Mussa, kilikuwa na fomula zote na majedwali ya kupendeza, ila kilizitoa kama amri ya jeshi. Imetoka wapi, inakukinga na nini, huambiwi. Mfano wake ulikuwa wa injini ya ndege.

Cha tatu ni chembamba, hakina rangi, karatasi yake inakaribia ya gazeti. Hicho kilinijibu. Shafti iliyolemewa hupindwa kidogo katika kila mzunguko, huku na huku, mpaka chuma kinachoka. Uchovu huo huanza kuuma penye kona kali. Ufa mdogo huzaliwa hapo, hutambaa ndani taratibu, halafu siku moja shafti inakatika na mzigo ule ule wa kila siku. Dawa yake ni kuiviringa kona, isiwe kali. Kisha kikaweka tahadhari ambayo mwanafunzi angeisahau: ukiiviringa kupita kiasi, beringi haitakaa sawasawa. Na kila hatua ya hesabu ilikuwa na sababu yake pembeni.

Nikakokotoa shafti mpya kwa kitabu hicho. Fundi wa kukereza vyuma hapa mjini akaitengeneza kwa mchoro wangu, ikafungwa Mitole mavuno yalipoanza.

Kisha nikaanza kuogopa.

Kila simu ya mama ilinishtua. Ikikatika, mimi nimeumbuka kwa Mwalimu Mussa na kitabu changu kimekwenda na maji, lakini wanawake wa Mitole wamepoteza mashine. Jumamosi nikaona bora niende mwenyewe, na kitabu kwenye mkoba.

Niliisikia mashine kabla sijashuka kwenye bodaboda. Nikacheka peke yangu, dereva akanitazama. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kumimina ufuta. Nilishika nyumba ya beringi: joto la kawaida, haitetemeki. "Mwaka jana kwa ufuta huu tungekuwa tumeshakatikiwa zamani," mama akasema, na wenzake wakaitikia wote kwa pamoja.

Nikakitoa kitabu nimwonyeshe. Alikipokea kwa vidole vilivyolowa mafuta kabla sijaweza kumzuia. Kiingereza hasomi, alikuwa akipekua picha tu, mpaka akafika kwenye mchoro wa shafti yenye ngazi. Akaweka kidole juu ya kona.

"Si hapa ilipokatika?"

"Hapo hapo, mama."

Akakigeuza, akalitazama jalada, akanirudishia. "Sasa huyu aliyeandika alikuja lini kuiona mashine yetu?"

Wenzake waliangua kicheko. Nami nilianza kucheka, nikajikuta nafuta machozi. Ukurasa ulibaki na doa kubwa linalonukia ufuta.

Leo asubuhi nimeingia ofisini kwa Mwalimu Mussa na kipande cha shafti ya zamani kwenye mfuko wa rambo. Nimekiweka mezani, kando ya kitabu chake na cha kwangu, nikamwomba anitafutie kilichoikata. Alianza na kile kikubwa, akasoma kwa makini, akapata fomula. Halafu akachukua chembamba, kikafunguka chenyewe penye doa. Akausoma ukurasa wote. Akapitisha kidole kwenye kona ya chuma, akarudi kwenye mchoro.

"Na haya mafuta?"

"Ya mama yangu. Ndiyo sahihi yake."

Nilingoja anikaripie, maana kitabu hicho hakirudishiki tena kwa mwenyewe. Alivua miwani, akacheka kile kicheko chake cha kifuani.

"Haya, mwalimu. Andika oda."

Mwalimu.

Sidhani kama alijisikia alivyosema. Mimi nilisikia. Nilikwenda nyuma ya karakana nikajiita hivyo kwa sauti, mtu mzima mimi, na ninaandika haya bila aibu yoyote. Nilikichagua kitabu mwenyewe, kwa akili yangu, na sababu yangu inazunguka Mitole tangu mavuno yaanze.

Mama nimempigia jioni hii. Nimemwambia kitabu chake kimechaguliwa. Akauliza kama hao wanafunzi wangu wataijua Mitole.

Kesho nina kipindi cha kwanza. Nitakifungua penye doa, na kabla ya fomula yoyote nitaandika ubaoni jina la kijiji chetu.