Jiko Uliloniachia Mkiwa

Baba Neema,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi.

Unakumbuka miaka ile ya ruksa ya biashara, malori yalipoanza kusimama hapa kijijini Mkiwa na sisi tukafungua hoteli? Uliagiza kwa fundi mjini jiko la chuma la kuni, lenye bomba la kutolea moshi juu ya bati. Ukalifunga mwenyewe, vibaya. Pale bomba lilipoungana na jiko palibaki mwanya wa kupitisha vidole, na moshi wote ukawa unaishia jikoni. Nilikaanga maandazi machozi yakinitoka, Neema mgongoni akikohoa hadi anatapika.

Nikakuomba, "Baba Neema, paziba pale. Mtoto anaumia."

Ukajibu kwa sauti ili madereva wasikie: "Mwanamke gani anaogopa moshi? Kwenu mlipikia umeme?"

Walicheka. Wewe ulicheka kuwazidi. Kicheko kile bado ninacho.

Halafu ukahamia mjini, Utemini, na yule binti aliyekuwa akiwagawia wateja wetu chai. Ulibeba masufuria, ukabeba hata viti, mkafungue hoteli yenu huko. Mlangoni ukaniambia, "Jiko nakuachia. Ndiyo saizi yako."

Nililia, sikatai. Kesho yake nilichomoa bomba, nikakwangua masizi, nikalirudisha likaingia sawasawa kwenye mdomo wa jiko. Nikakanda udongo wa kichuguu na majivu yaliyochekechwa, nikaushindilia kwenye ule mwanya kuzunguka pande zote. Kila nilipoupiga ngumi nilitaja jina lako. Nikawasha moto mdogo. Udongo ulipopasuka nikaziba nyufa, nikawasha tena. Moshi ukapanda wote juu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, Baba Neema, nayo ilikushinda huku mwanao akikohoa.

Madereva wale wale wakawa wateja wangu. Niliposikia hoteli yako imekufa nilifurahi, na sijatubu.

Miaka ikapita, kisha ukaja, umekonda, ukakaa meza ya mlangoni. "Mama Neema, nimerudi nyumbani."

"Chakula kipo," nikakujibu. "Mume hapa hatafutwi."

Neema alikuwa ametoka shule, bado na sare. Akakusogelea, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha kwa wageni.

"Shikamoo, mzee. Utakula nini?"

Ulinitazama, ukingoja nimwambie wewe ni nani. Nikageuka, nikachochea kuni.

Baki na shikamoo hiyo. Kwangu hakuna kingine chako.

Kwaheri ya kutoonana,

Mama yake Neema