Niliita Ngombe ya mu Jeu

Nadine, niko mu matope, narudisha ngombe za Papa kwa kilima. Usicheke.

Ni ile jeu, ule muchezo Déo anatuongoza mu telefone. Kila kitu unataka kufanya, unatupa dé kwanza, kile kijiwe cha namba moja mupaka makumi mbili. Ikitoka makumi mbili, umefaulu kabisa. Ikitoka moja, umekwisha.

Leo mu jeu tukakuta dume moja ya ngombe ya kutisha kwa njia. Benzangu bote banataka kuipiga. Mi nikasema ile ni ngombe tu, nitaiita.

Déo akasema: "Ita basi, tusikie."

Nikaita, Nadine. Ile sauti yenyewe Papa anaita nayo ngombe zake, na dirisha ya chumba wazi. Nikatupa dé: makumi mbili. Dume ikanifuata pole pole.

Na ngombe zetu za kweli pia. Zote kumi na saba. Zimemuacha Papa kwa kilima na veterineri, munganga wa ngombe, na sindano yake, zimekuya mbio mupaka ku mulango.

Papa nyuma yazo: "Nani ameita ngombe?"

Micro ya telefone iko wazi, benzangu bote banasikia. Déo ananong'ona: "Kama unataka kumudanganya, tupa dé."

Nikatupa.

Moja.

Nikasema tu: "Papa, si mimi."

Ngombe ya mbele ikaingiza kichwa mu dirisha, ikanilamba mukono.