Punje Zilizouzidi Mwamba Umri

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila paa la jikoni limeanza kuvuja tena na mama bado anakataa kuvaa miwani.

Kazini nimeumbuka. Ule mwamba mweusi tunaoupima umri ulipanda ukiwa uji wa moto, ukapasua miamba ya zamani, ukapoa humohumo. Mashine ikasema ni mkongwe kuliko miamba uliyoipasua. Bosi akaniuliza, "Kwa hiyo mtoto kamzaa mama yake?" Wiki nzima nimekuwa kichekesho. Kumbe punje za madini nilizopima ndani yake zilizaliwa kwingine, uji ukazizoa njiani ukaja nazo. Kwenye hesabu tunaziacha, lakini kwenye mwamba huwezi kuzitoa bila kuuvunja.

Baba mdogo anataka jiwe la kaburi la baba liandikwe watoto aliowazaa tu. Anasema wewe ulikuja na mama alipoolewa. Najua alikupigia simu, ndiyo maana umenyamaza.

Fundi ameanza kuchonga leo asubuhi. Nimemwambia aanze na jina lako, maana wewe ndiye mkubwa wetu.

Mdogo wako,
Kokoto, kama ulivyonibandika jina