Vifungo vya Kudanganyia Macho

Kwako Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe pamoja na wifi yangu, na yule mwanangu mwenye mashavu ambaye nasikia sasa anatambaa mpaka chini ya baiskeli za wateja na kutoka na grisi usoni. Mbusu kwa niaba ya shangazi yake, ila mfute kwanza. Sisi huku hatujambo, ingawa hatujambo yetu ina maelezo yake, na ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Nilimwomba dereva wa lori asikukabidhi bahasha hii mpaka bango liwe limekwishapanda juu ya paa la karakana yako. Kama amekupa mapema, irudishe mfukoni ukamalize kazi. Na kama limeshapanda, tafadhali usikwee ngazi kwenda kulikagua. Nakujua wewe, lazima kila kitu ukiguse kwa kidole. Leo jizuie mpaka umalize kusoma.

Uliponipigia simu mara ile ulikuwa umewaka. Ulisema tangu upate karakana unamwomba Baba akuchoree bango, na yeye, mtu aliyechora mabango ya nusu ya mji, anakupa visingizio. Mara brashi zimenyonyoka, mara rangi ya siku hizi ni nzito, mara upepo unaleta vumbi. Uliniuliza inakuwaje zamani alimpambia duka muuza nyama ambaye hata hapatani naye, halafu amnyime mtoto wake wa kwanza. Ulisema hajakusamehe kwa kuikimbia kazi yake ukaenda kuziba pancha. Ukaapa kwamba hata bango likija, hukanyagi nyumbani mpaka akuambie kwa kinywa chake amekuchukia kwa lipi. Kisha ukanituma mimi, Mpelelezi, jina mlilonibandika tangu siku niliyomkamata mla sukari wa nyumba yetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa sasa ni mtu mzima mwenye karakana.

Unajua ninachosoma, ingawa najua pia unawaambia watu kwamba nasomea ushonaji. Nasomea kubuni majukwaa na mavazi ya michezo ya kuigiza. Asubuhi napiga misumari kwenye kuta zisizo na nyumba, mchana nakwaruza koti jipya kwa msasa mpaka lionekane limevaliwa miaka na mtu mwenye shida. Baba husema nasomea kudanganya watu kwa kibali, na hajakosea sana. Ubaya wake ni kwamba ukishajua uongo unavyoshonwa, huwezi tena kulitazama vazi la mtu ukaliacha lipite hivihivi.

Muhula huu mwalimu wetu wa mavazi, tunayemwita Bi Mkasi kwa ajili ya kitu kinachoning'inia shingoni mwake na pia kwa ajili ya ulimi wake, alitufundisha nguo za kubadili upesi. Mwigizaji anatoka jukwaani akiwa karani, anatakiwa arudi papo hapo akiwa bwana harusi, na nyuma ya pazia hana nafasi ya kuhangaika na vifungo. Kwa hiyo matundu yanazibwa kwa uzi, vifungo vinapachikwa juu kwa ajili ya macho ya watu tu, na chini yake unafichwa utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto unaolia krrr ukiuvuta. Bi Mkasi alituambia kwamba tukikuta shati la namna hiyo tusijisumbue na maswali, tujue tu kuwa anayelivaa ana sura zaidi ya moja. Darasa zima tulicheka.

Basi likizo ilipofika nikaenda nyumbani na agizo lako kichwani. Mama alinipokea kwa furaha, lakini nilipotaka kupiga pasi nguo za Baba alinipokonya, akaniambia nipumzike nimetoka mbali. Mama yetu, Kaka, ananinyima kazi! Mama ambaye hunikabidhi ufagio kabla sijavua viatu. Machale yakanicheza hapo hapo.

Nikangoja aende sokoni, nikafungua kabati lao. Nilitoa lile shati la Baba la buluu lenye mistari, nikashika kifungo cha juu. Hakikufunguka. Nikavuta kidogo, na kifua chote kikaachia kwa mlio uleule wa darasani. Nikatoa jingine, na jingine, yote yalikuwa vilevile. Hata viatu vyake vya kutokea, kamba zimefungwa vizuri kabisa, kumbe ni mpira unaonyumbuka, mguu unazama bila kufungua chochote. Nilikaa kitandani kwao na shati mapajani nikijiuliza mchora mabango, mtu wa ovaroli, anaharakia wapi kuvua na kuvaa kwa kasi ya mwigizaji. Jibu lilikuja lenyewe, nami nakuandikia kama lilivyokuja: Baba ana nyumba ndogo.

Tangu hapo sikulala usingizi wa maana, na kila alichokifanya nilikiweka kwenye mashtaka yake. Mezani mikono yake haikutoka mfukoni. Chai aliiacha ipoe mpaka sote tuondoke, ndipo ainywe peke yake. Kila alasiri alichana nywele, akavaa shati safi, akachukua mkoba mdogo na kusema anakwenda kuonana na mteja, na akirudi kucha zake hazina rangi. Umewahi kuziona kucha za Baba zikiwa safi? Mama naye alimsindikiza mpaka mlangoni bila kumuuliza neno. Nilimwonea huruma, halafu nikamkasirikia.

Kilichonivuruga zaidi ni mshono. Niliurudia kuutazama kwenye mwanga wa dirisha. Uzi umerudishwa mwishoni na fundo limefichwa ndani, vilevile nilivyofundishwa kushona sare yangu ya shule. Ni mkono wa Mama. Sasa mke gani anamshonea mumewe nguo ya kuendea nyumba ndogo? Nikaona basi wote wawili wanaficha jambo, na wanaofichwa ni sisi. Labda wanaachana kwa adabu. Labda Baba ana mtoto mwingine huko, na bango unalonyimwa wewe anachorewa huyo. Kaka, nililifikiria hilo na nikakuonea uchungu.

Alasiri moja nikamfuata. Nilijitanda shali ya Mama na kuvaa miwani ya jua niliyoazima stoo ya mavazi chuoni, nikajiona nimegeuka mtu mwingine kabisa, mpaka muuza magazeti aliponisalimia na kuniuliza masomo yanaendaje. Baba alikwenda polepole, mikono mfukoni, akaingia mtaa wa nyuma ya hospitali na kubisha mlango wa kijani. Akafungua mwanamke kijana, mzuri, akampokea mkoba, kisha akauchukua mkono wa Baba akaushika kwa mikono yake miwili. Mlango ukafungwa. Niliokota jiwe, sijui la kumpiga nani. Nikazunguka ukuta mpaka dirishani, nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga chabo.

Baba alikuwa ameketi mezani. Mbele yake palikuwa na kibao kilichopigiliwa vitambaa viwili, kimoja kina tundu, kingine kina kifungo kikubwa chekundu cha koti la mtoto. Alikuwa anajaribu kukifunga. Mkono wake ulitetemeka, tena si kidogo, ulikwenda unakotaka na yeye akawa anaufuata. Kifungo kilifika kwenye tundu, kikateleza. Yule mwanamke, ambaye niliona sasa kuwa amevaa sare ya hospitali, hakumsaidia, alimwambia tu avute pumzi. Kwenye meza ya pili mzee mwingine alikuwa anaokota maharage na kuyatia kikombeni. Baba akarudia, akarudia tena. Kifungo kilipopita mwishowe, alitabasamu lile tabasamu lake la kumaliza herufi ya mwisho ya bango. Nilishuka kwenye ndoo, nikakaa chini kwenye nyasi, nikalia.

Siku hiyohiyo nilimbana Mama jikoni. Kwanza alijitia hamnazo, akaniuliza shati gani, utepe gani. Nilipomtajia mlango wa kijani akavuta kigoda akakaa. Akasema ilianza kwa brashi kuruka mstari, wakadhani ni uchovu. Hospitali waliwaambia ni ugonjwa wa neva, kwamba dawa na mazoezi vitauchelewesha lakini havitauondoa. Baba alimkataza asitwambie. Habari ya mashati ilikuwa yake Mama mwenyewe, baada ya kumkuta asubuhi moja ameketi kitandani, shati liko wazi, ameshindwa kulifunga na ameona aibu kuita. Alishona la kwanza akaliacha juu ya mto. Baba alilivaa akatoka.

Kisha Mama akanipeleka nyuma ya kabati lao. Kulikuwa na mbao zimeegemezwa ukutani, zimegeuzwa uso. Nikazigeuza moja baada ya nyingine. Kila moja imeandikwa jina la karakana yako, Kaka. Hii imeishia herufi ya kwanza, ile imefika katikati, halafu mstari unaruka nje na rangi imefutwa kwa hasira. Hakukunyima bango. Amelianza mara nyingi kuliko bango lolote alilowahi kuchora, na visingizio vyote vile alivitunga kwa sababu aliona heri umwone mkorofi kuliko umwone hawezi.

Sasa nikueleze hilo lililo juu ya paa lako limetoka wapi. Likizo ilipokaribia kwisha nilimdanganya Baba, maana ndicho ninachosomea. Nilimwambia mchezo wetu una mtaa wa maduka, na wanafunzi wenzangu wameandika herufi zilizolewa, chuo kizima kitaaibika. Alijitetea kwamba amechoka na kazi, lakini herufi zilizolewa hakuweza kuzivumilia, akaja chuoni. Kwenye karakana yetu ya chuo turubai hutandazwa chini sakafuni, brashi hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, na mchoraji husimama na kutembea nayo akitumia bega na mkono mzima, kwa sababu herufi zenyewe zina kimo cha mtu. Vidole havina kazi ndogo ya kufanya. Nikampa fimbo, nikajifanya natafuta rangi ili nisimkodolee macho.

Alichora. Lakini mstari uliendelea kutetemeka, na kingo za herufi zikatoka na meno kama msumeno. Aliinama akazitazama, uso ukamshuka, nami nikajilaumu kwa kumleta. Bi Mkasi ndiye aliyemjia na kumwambia kwa ule ukali wake kwamba hakuna mtazamaji anayekata tiketi ya kuketi sakafuni. Turubai ikapandishwa jukwaani, Baba akapelekwa kuketi safu ya mwisho kabisa. Kutoka kule herufi zilikuwa zimenyooka, nene, ni zile zile zake tulizojifunzia kusoma. Alikaa akizitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza paa la karakana yako lina upana gani.

Aliporudi siku ya pili kuchora lako, ukumbi ulikuwa mtupu na joto kali. Alishika kifua cha shati ili avae ovaroli, akavuta, na ule mlio ukajaa ukumbi mzima. Tukatazamana. Nilijitia kushughulika na makopo. Akaniuliza mwalimu wangu angelipa shati hili alama ngapi. Nikamwambia zote, maana limedanganya familia nzima. Alicheka mpaka akaketi, na mimi nikacheka, na sijui ni nani kati yetu aliyeanza kulia. Alisema naweza kukuambia, ila bango likishakuwa juu, kwa sababu anataka uione kazi kabla hujaufikiria mkono. Ndiyo maana nikamsumbua dereva na bahasha.

Sasa Kaka, toka nje, uvuke barabara mpaka ng'ambo, ndipo ugeuke ulitazame. Siku nyingine usiyo na haraka, weka ngazi, panda, ukaguse zile kingo kwa kidole chako. Ukimpigia simu usimpe pole. Mwambie wateja wanaliona tangu kule kwenye kona, hilo ndilo analongoja kusikia. Na kiapo chako ukivunje, uje. Ukifika, mpe mkono kama kawaida, na ukihisi wake unatetemeka ndani ya wako, usiuachie haraka.

Mama anakusalimu, anasema umlete mjukuu wake na grisi yake hivyohivyo. Msalimie wifi, na mshukuruni dereva, amebeba mzigo mkubwa kuliko alioambiwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mpelelezi (nimejiuzulu)